Kabla hujalipia fulu fremu ya mtumba

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi na ubarikio kule Igoma, Mwanza, alinipigia simu saa mbili usiku. "Shikamoo kaka. Nimepata kamera, Nikon D810, mwenyewe yuko Kirumba, anataka hela leo leo." Nikamjibu marahaba, kisha nikamuuliza ana lenzi gani. Kimya. Alikuwa na ile ya 18-55 iliyokuja na kamera yake ya kwanza.

Basi tuanzie kwenye lenzi, maana wengi wanaanzia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na kujuta. Fulu fremu ni kamera yenye sensa (siyo ile ya kuhesabu watu, ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, kipimo kilekile cha filamu ya zamani. Ukiifunga D810 lenzi iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, kama ile ya 18-55, inaitambua na kuikata picha yenyewe, na megapikseli 36 ulizozilipia zinabaki kama 15. Kwa Canon ndiyo kabisa, lenzi za EF-S, zile za sensa ndogo, hazishiki kwenye fulu fremu. Kwa hiyo hesabu ya bei iwe ya bodi na walau lenzi moja nzuri. Ukiambiwa uchague kati ya bodi kali na lenzi mbovu, au bodi ya kawaida na lenzi safi, chukua ya pili bila kupepesa macho. Sensa yenye pikseli nyingi haiifichi lenzi dhaifu, inaianika. Pembe za picha zilizokuwa "siyo mbaya" kwenye megapikseli 16 utaziona zimevurugika kama uji.

Kamera zinazozungumzwa hapa ni chache. Nikon D800 na D800E zilitoka 2012, D810 ikafuata 2014, zote megapikseli 36. D850 ilitoka 2017 ikiwa na 45.7. Upande wa Canon kuna 5DS na 5DS R za 2015, zenye 50.6, na 5D Mark IV ya 2016 yenye 30. Zimeshuka bei kwa sababu kampuni zote mbili zilileta fulu fremu zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) mwaka 2018 na wapiga picha wengi wakahamia huko. Hazijawa mbovu kwa hilo. Ila zimeishi miaka mingi mikononi mwa watu, na maisha hayo ndiyo unayokwenda kukagua.

Usikague usiku. Mimi yangu ya kwanza niliinunua jioni, chini ya taa ya duka iliyokuwa ikipepesa, muuzaji akanionyesha picha mbili tatu, tukapeana mikono. Ilikuwa na sehemu mbili za kadi, moja ya SD na nyingine ya CF. Yeye alikuja na SD tu. Siku tatu baadaye nilipochomeka kadi ya CF ikagoma kuingia. Nikamulika kwa tochi ya simu: kule ndani kuna safu mbili za pini nyembamba kama sindano, na mbili zilikuwa zimelala. Fundi alinyoosha moja, ya pili ikakatika. Tangu siku hiyo namulika tundu la CF kabla hata sijagusa kitufe cha kuwasha, na nakwenda na kadi zangu mwenyewe za aina zote mbili. D800, D810, 5DS na 5D Mark IV zote zina CF. D850 inatumia XQD na SD. XQD ni ghali na hazipatikani kirahisi, lakini kamera hiyo ikisasishwa programu yake inapokea pia CFexpress, basi uliza kama imesasishwa.

Kuhusu idadi ya mipigo ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, watu wanaikuza kuliko inavyostahili. Nikon iliipima shata ya D800, D810 na D850 hadi mipigo 200,000, Canon ikaipima ya 5DS na 5D Mark IV hadi 150,000. Hicho ni kipimo cha uvumilivu, nyingi hupita na nyingine hufa mapema. Kwenye Nikon namba hiyo inaandikwa ndani ya kila picha. Piga picha papo hapo, ichukue kutoka kwenye kadi, isome kwa kompyuta. Usikubali picha aliyokutumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu ikipita huko taarifa zake zinafutwa. Akatae akubali, mwambie aitume kama dokumenti. Canon haiandiki namba hiyo kwenye picha, utahitaji waya na programu ya kuisoma. Mimi kamera yenye mipigo 120,000 ya mpiga picha wa studio naiamini kuliko yenye 20,000 iliyolala kabatini karibu na ziwa.

Na hapo ndipo kwetu kunapotofautiana na mahali pengine. Unyevu wa ziwa unaingia kila mahali. Kamera iliyokaa ndani ya begi msimu mzima wa masika huota fangasi. Mwombe muuzaji atoe lenzi, fungua tundu lake lote, pitisha mwanga wa tochi kutoka nyuma huku ukiangalia kwa pembeni. Vumbi ni vijidoa na halina madhara. Fangasi ni nyuzi, zimetapakaa kama utando wa buibui kutoka pembeni kuja katikati. Ukiziona, rudisha lenzi, hata akikupunguzia nusu. Zinakula tabaka la juu la kioo, na usiiweke begi moja na lenzi zako nzima. Angalia pia kioo cha kutazamia na skrubu za chini. Skrubu zenye kutu kwenye kamera ya mtu anayepiga picha mwaloni au kwenye mitumbwi zinakueleza mengi kuliko yeye. Akikuambia iliwahi kulowana akaiweka kwenye mchele, shukuru kwa ukweli wake kisha uondoke, maana mchele huacha unga.

Sensa unaipima kwa anga. Nenda ufukweni mchana, weka f/16 (tundu dogo la lenzi), ivuruge fokasi makusudi, piga anga tupu juu ya ziwa. Vidoa vyenye ukungu ni vumbi, linasafishika. Mkwaruzo ni mstari usiohama hata ukisafisha, huo hauponi. Kisha funika lenzi, piga picha ya sekunde 30. Nukta chache za rangi si neno. Kwa D810 za mwanzo Nikon yenyewe ilikiri mwaka 2014 kwamba baadhi zilikuwa zikitoa vidoa vyeupe kwenye picha za namna hiyo, ikazirekebisha bure. Igeuze kamera, chungulia tundu la skrubu ya tripodi: iliyorekebishwa ina nukta nyeusi ndani yake, na zilizotoka kiwandani baadaye nazo zinayo.

Fokasi ndiyo itakayokula muda wako, na usiionee haya. D800 za mwanzo zilisifika kwa ubaya wa pointi za fokasi za kushoto. Weka kamera kwenye tripodi, elekeza kwenye kitu chenye maandishi, piga kwa pointi ya katikati, ya kulia kabisa na ya kushoto kabisa. Kisha piga tena kwa kutumia skrini ya nyuma. Ukuze hadi asilimia mia. Ile ya skrini ikiwa kali na ile ya kwenye kioo cha kutazamia ikiwa laini, kuna tofauti inayoweza kurekebishwa kwenye menyu. Ya kushoto ikiwa laini peke yake, hiyo ni kazi ya fundi.

Betri ina siri zake. Nikon ina ukurasa wa taarifa za betri unaoonyesha umri kuanzia 0 hadi 4, na 4 ni ya kutupa. Kwenye Canon, betri nzima inaonyesha vidoa vitatu vya kijani. Betri feki mara nyingi hazionyeshi chochote.

Kompyuta pia. Faili moja la RAW (picha ghafi) la D850 ni kama megabaiti 50, kwa hiyo harusi ya picha 1,500 ni gigabaiti 75. Laptopu ya RAM ya gigabaiti 4 itakulaza macho.

Karatasi usizidharau. Namba ya kamera ilingane na iliyo kwenye boksi na risiti. Hana boksi? Andikeni mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nakala ya kitambulisho chake ibaki kwako, na lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Kununua mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa.

Yule kijana tulikwenda naye asubuhi, kabla joto halijaanza kutetemesha hewa. Tukasimama karibu na kivuko cha Kamanga, akaazima lenzi yangu ya 85, akapiga Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, na minandi waliokuwa wakikausha mbawa juu yake. Tulipokuza, jiwe lilikuwa na kila ufa, na minandi wote wa upande wa kushoto walikuwa wameyeyuka. Muuzaji akasema ni mkono. Tukaiweka kwenye tripodi. Akasema ni upepo.