Picha ya VR ikikwamakwama, kagua waya kwanza

Wengi Kisumu na Nakuru wakiona gemu za kompyuta zinakwamakwama kwenye Quest, miwani ya VR (uhalisia pepe) ya kampuni ya Meta, hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa cha intaneti. Hiyo ni pesa ya kupotea bure. Picha inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inafika kwenye miwani. Haitoki nje ya nyumba, na bando halikatwi.

Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Kisha fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows uangalie kasi ya muunganisho: inatakiwa isome 1000/1000 (Mbps, yaani megabiti kwa sekunde). Ikisoma 100/100, chunguza kichwa cha waya, ile plastiki angavu. Gigabiti, yaani hiyo 1000, inahitaji nyaya nyembamba za ndani zote 8. Waya wenye 4 pekee huishia 100, na intaneti ya kawaida haikuonyeshi tofauti. Kama zote 8 zipo na zimebanwa vizuri, basi huenda tundu la ruta yenyewe ni la 100. Ruta nyingi za bei nafuu ziko hivyo.

Miwani iwe kwenye Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, upana 80 MHz, chaneli 36 hadi 48. Chaneli za 52 hadi 144 ruta huzihama ikinusa rada, na picha hukatika ghafla. Ruta iwe chumba unachochezea, maana ukuta wa mawe huimeza 5 GHz.

Kwenye Virtual Desktop au Steam Link, programu zinazorusha picha kutoka kompyuta hadi miwani, anza na kasi ya picha ya 80 Mbps, upandishe taratibu.