Mfamasia wodini: kukagua dozi figo zinapodhoofika

Kabla ya raundi, chukua kwenye faili umri, uzito na kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ya leo, si ya wiki iliyopita. Toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo za mgonjwa, kisha kwa 1.23 (mwanamume) au 1.04 (mwanamke), halafu gawanya kwa kreatinini. Bibi wa miaka 70, kilo 50, kreatinini 120, anapata kama mililita 30 kwa dakika, yaani kasi ya figo zake kusafisha kreatinini. Kwa kasi hiyo, gentamisini (antibiotiki) na metformini (dawa ya kisukari) ziangaliwe upya.

Wengi hukosea vipimo: fomula hii inataka mikromoli kwa lita. Majibu yakija kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4. Figo zilizoumia ghafla ni mtego, maana kreatinini huchelewa kupanda.

Mwandikie daktari dozi kamili na saa zake. "Punguza dawa" haimsaidii.