Kupanga Masafa ya Saa za Vifaa vya Pembeni katika Butiloda

Tuchukue kidhibiti cha taa za kuvulia dagaa, cha kufungwa kwenye mtumbwi wa Kibirizi, Kigoma, kinachotumia chipu ya STM32F103 na kristali ya megahezi 8. Chipu hii ikiwashwa hutumia saa yake ya ndani (chanzo cha mapigo yanayoongoza kasi ya kazi), HSI, ambayo nayo ni ya megahezi 8. Butiloda, yaani programu ndogo inayotangulia programu kuu, ndiyo inayoihamishia kwenye kristali, yaani HSE, na kuyazidisha masafa mara 9 kwa PLL (sakiti ya kuzidisha masafa) hadi megahezi 72.

Washa HSE, kisha subiri biti ya HSERDY, inayoonyesha kwamba kristali iko tayari, kwa muda wenye kikomo, kwa sababu kristali iliyolegezwa na mtikisiko wa injini itaiacha butiloda ikisubiri bila mwisho. Kikomo kikipita, endelea na HSI. Kabla ya kupandisha kasi, weka mizunguko 2 ya kusubiri katika FLASH_ACR, rejista ya kumbukumbu ya flash, la sivyo prosesa itasoma maagizo yasiyo sahihi. Vigawanyo navyo hupangwa mapema: APB1, basi (njia ya mawasiliano) la vifaa vya pembeni vya polepole, haipaswi kuzidi megahezi 36, hivyo igawe kwa 2, APB2, basi la vifaa vya kasi, inastahimili 72, ADC (kigeuzi cha analogia kwenda dijitali) ina ukomo wa 14, kwa hiyo igawe kwa 6 ipate 12. Hapo ndipo uwashe PLL, usubiri PLLRDY, uichague kwa biti za SW na kuhakikisha kwa biti za SWS kwamba imekubalika.

Wengi hukwama kwenye taima, yaani vihesabu vya mapigo ya saa. Kigawanyo cha APB1 kikiwa zaidi ya 1, taima zake hupokea masafa mara mbili ya basi hilo, yaani megahezi 72, wakati USART2 (kifaa cha mawasiliano ya mfululizo) hubaki na 36. Kwa PWM (kuwasha na kuzima kwa haraka) ya hezi 1000 ya kupunguza mwanga, andika 71 katika PSC, kigawanyo cha taima, na 999 katika ARR, kikomo chake cha kuhesabu, baada ya kuiwasha saa ya taima katika rejista ya RCC_APB1ENR.

Kabla ya kuikabidhi programu kuu udhibiti, rudisha saa kwenye HSI na uzime PLL, kwani mipangilio ya PLL haibadiliki ikiwa inafanya kazi.

Asiye na osiloskopu anaweza kutumia multimita yenye kipimo cha hezi kwenye pini ya PWM, butiloda ikiwa ingali inafanya kazi. Ikisoma 2000, PSC ilikokotolewa kwa megahezi 36. Ikisoma takriban 111, kristali haikuwaka na chipu ingali kwenye HSI.