Gia za mtoto anayecheza karate au taekwondo: saizi kwanza

Wazazi tunapenda kununua kitu kikubwa ili kimtoshe hata mwakani, kwa nguo ni sawa ila kwa gia za kupigania tafadhali usifanye hivyo. Mvalishe helmeti, funga mkanda wa kidevuni halafu mwambie atikise kichwa kwa nguvu, ikizunguka au ikimshukia machoni usiichukue. Kinga ya kifua nayo ijaribu akiwa amenyanyua mikono na kurusha teke, ikipanda mpaka kooni ni kubwa. Shingadi (kinga za ugoko) na glavu, angalia tu zisizunguke.

Kinga ya meno ndo watu wanaichukulia poa. Zile za kulainisha kwa maji ya moto, loweka kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mtoto aing'ate, avute mate na hewa kwa ndani huku wewe unambonyeza mashavu na mdomo wa juu kwa vidole ishike vizuri kwenye meno. Ikipoa aachame, ikidondoka yenyewe rudia. Kama bado anang'oka meno au ana waya, muone daktari wa meno kwanza, na uwe unaikagua mara kwa mara maana meno yanabadilika.

Sasa hapa naomba tuelewane kabisa: helmeti inasaidia ngozi isipasuke, lakini ubongo bado unaweza kutikisika ndani ya fuvu. Mtoto akipigwa kichwani halafu akalalamika kichwa kinauma, kizunguzungu, anaona maluweluwe, au anauliza swali lile lile tena na tena, mtoe ulingoni na asirudi siku hiyo hata kama ni fainali na yeye mwenyewe analia anataka kurudi, na hata kama hakuzimia. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege au usingizi mzito usio wa kawaida, hospitali saa hiyo hiyo. Kurudi mazoezini ni polepole kwa ruhusa ya daktari, kupigana kunakuja mwisho kabisa.

Kifundo cha mguu kikivimba usikimbilie kumkanda, maana ncha za mifupa ya watoto zina sehemu laini za ukuaji zinazoweza kuvunjika ukadhani ameteguka tu. Akishindwa kutembea hatua 4, apigwe eksirei.

Na jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua, liweke kwenye maziwa na mkimbie kwa daktari wa meno ndani ya saa 1. La utoto usijaribu kulirudisha.