Jinsi ya Kuziba Vali ya Rejeta Inayovuja

Rejeta ni chombo cha ukutani kinachopasha joto chumba kwa maji moto. Vali yake ikivuja, kabla ya kushika spana, tafuta kwanza maji yanatoka wapi hasa, kwa sababu tone huonekana chini ya vali ilhali limeteremka kutoka kiungo kilicho juu yake. Zima boila (mtambo unaopasha maji hayo joto), subiri rejeta ipoe kabisa, ukaushe vali yote, kisha uzungushie kila kiungo karatasi laini; itakayotangulia kulowa ndiyo itakayokuonyesha penye kasoro. Tandika matambara na uweke beseni, kwani maji ya mfumo wa kupasha joto huwa meusi kwa kutu na doa lake kwenye zulia halitoki kwa urahisi.

Mara nyingi maji hupenya pale kijiti cha vali kinapochomoza chini ya kishikio. Vua kishikio, na ukiona nati ndogo inayokizunguka kijiti, ikaze kwa kufuata mshale wa saa, thumuni hadi robo ya mzunguko tu, kisha uone kama kijiti bado kinazunguka kwa wepesi. Maji yakiendelea, funga vali, ilegeze nati hiyo taratibu, usokote utepe mweupe wa mafundi bomba uwe kama uzi, uzungushe mara tano au sita kwenye kijiti, usukume ndani kwa ncha ya bisibisi na kukaza tena. Vali yenye kichwa kinachojirekebisha kwa joto haina nati ya aina hii kila mara. Pini yake, yaani kijiti chembamba kilicho chini ya kichwa hicho, ikivuja, nionavyo mimi ni heri kuibadilisha vali.

Ikiwa maji yanatoka kwenye nati kubwa inayounganisha vali na rejeta, shika mwili wa vali kwa spana moja na ukaze nati kwa nyingine. Tafadhali usiruke hatua hii, maana vali ikipinda huvuta bomba, na uvujaji mdogo ukageuka mafuriko. Usitumie nguvu nyingi pia, kwani shaba huchubuka hesi (mifereji ya kuzungushia nati) na hapo hakuna tena cha kukaza. Isipokoma, itakubidi umwage maji ya rejeta hiyo: funga vali zote mbili, moja kila upande wa rejeta, ukihesabu mizunguko ya ile iliyofunikwa kwa kifuniko isiyo na kishikio ili uirudishe ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo inayogawa maji kati ya rejeta zote. Ile ya kujirekebisha uivishe kifuniko cha kuifunga kwa mkono, kwani chumba kikipoa sana inaweza kujifungua yenyewe. Kisha legeza nati, fungua tundu la hewa, na maji yakiisha safisha nyuso zinazokutana. Ikiwa hesi zilizoingia kwenye rejeta ndizo zinazovuja, zizungushie utepe mara kumi au zaidi, kwa mwelekeo uleule wa kukaza.

Kiungo cha bomba chini ya vali ni habari nyingine. Ndani yake mna pete ya shaba iliyobana bomba, na kufunga vali hakuzuii maji kufika hapo. Kikigoma baada ya kukazwa kidogo, lazima mfumo upunguzwe maji.

Ukimaliza, fungua vali taratibu na utoe hewa. Katika mfumo uliofungwa (usio na tangi la maji la juu), rudisha presha kati ya baa 1 na 1.5 ukiwa baridi, na kama umemwaga maji mengi, ongeza dawa ya kuzuia kutu. Washa boila, kisha kagua viungo kwa karatasi kavu vikiwa vya moto na tena vikishapoa.