Jinsi ya kutafuta kazi Dar bila kuliacha gita lako juu ya kabati

Haya naandika kwa yule aliyemaliza chuo au aliyepunguzwa kazini, yupo Dar anakaa kwa dada au kwa mjomba, kila asubuhi akiamka kitu cha kwanza ni simu, anaangalia imeili, hakuna. Mimi nimekaa hivyo mwaka mmoja na miezi miwili, Mbagala kwa dada yangu. Miezi minne ya kwanza niliacha kila kitu ninachokipenda, gita langu la besi nikalipandisha juu ya kabati nikasema nitalishusha siku nikipata kazi. Kazi haikuja, kilichokuja ni kukosa usingizi usiku, kuamka saa nne asubuhi kichwa kizito na kuanza kumjibu vibaya dada ambaye ndo alikuwa ananilisha. Mwezi wa tano nikalishusha, na kuanzia hapo ndo nikaanza kutafuta kazi kwa akili iliyotulia.

Kwaiyo tuanzie hapa. Kabla hujapanga mambo ya maombi na CV, tafuta sehemu moja ambayo kila wiki usipofika kuna mtu atauliza "yule kijana leo yuko wapi?" Mtu mwenye kazi anaulizwa kila siku, akichelewa nusu saa tu bosi ameshapiga simu, ila ukiwa huna kazi unaweza kupotea wiki nzima ndani ya chumba na asijue mtu yeyote, na hicho ndo kinachomaliza watu, kuliko hata kukosa hela. Kwangu mimi sehemu hiyo ilikuwa mazoezi ya bendi. Kwako inaweza kuwa kwaya ya kanisani kwenu (na kwaya usiidharau, wapiga kinanda na besi wengi ninaowajua wameanzia huko), inaweza kuwa kikundi cha taarabu, kaswida, ngoma, hata timu ya mpira ya mtaani. Mimi naongelea muziki wa dansi kwa sababu ndo ninaoujua.

Asubuhi ni ya kazi

Saa mbili mpaka saa sita mchana, hapo hakuna gita. Hili usilichezee maana ukianza na gita asubuhi siku imekwisha.

Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, ingia mara mbili kwa wiki, inatosha, mimi nilikuwa naingia Jumatatu na Alhamisi. Wasifu wako kule ujaze mpaka mwisho, namba ya NIDA iwepo, vyeti viskaniwe vizuri visomeke. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita hawaikubali, wanataka cheti chenyewe, kwaiyo kama cheti chako bado kipo shuleni kifuate saivi usisubiri kuitwa. Na kama jina la kwenye cheti cha kuzaliwa ni tofauti na la kwenye vyeti vya shule nenda kwa wakili mapema, kuna watu wamesafiri mpaka kwenye usaili wakarudishwa mlangoni kwa herufi moja.

Kampuni binafsi ni barua mpya kwa kila kazi, usitume ileile kwa watu ishirini, faili liwe PDF na liwe na jina lako. Mtu akikupigia akakwambia umepata kazi tuma kwanza hela ya fomu au ya vipimo, kata simu. Saa sita ikifika funga, ukishatuma umetuma, kuangalia imeili kila baada ya dakika tano hakumsogezi mtu.

Hela, vibubu viwili

Hapa niseme ukweli wangu. Nilikuwa namshikia jirani kibanda chake cha miamala siku tatu kwa wiki, nikawa napata kama elfu 60 kwa mwezi. Nikawa na vibubu viwili. Cha kwanza ni nauli ya usaili, hicho hakiguswi hata kwa dawa, maana matangazo ya usaili serikalini yanasema kabisa kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, na unaweza ukaitwa Dodoma una siku chache tu za kujiandaa. Niliweka elfu 20 kila mwezi. Cha pili ni elfu 10 ya muziki, mwezi mzima. Zilizobaki bando, steshenari, sabuni na kumchangia dada umeme.

Elfu 10 unasema itafanya nini? Nauli yangu ya mazoezi ilikuwa mia sita kwenda mia sita kurudi, mara moja kwa wiki ni elfu 4 na mia 8 kwa mwezi. Inabaki elfu 5 na mia 2, hiyo ni bonanza moja la Jumapili, yani shoo ya bendi ya jioni, ukiwa na soda yako, nauli na chenji kidogo. Siku ya pili ya mazoezi kwa wiki nilikuwa natembea au napata lifti ya gari la vyombo vya bendi.

Mazoezi ya bendi ndo siri yenyewe

Watu wengi dansi wanalijua la usiku tu, taa, kiingilio, bia. Lakini bendi inayojiheshimu inafanya mazoezi mchana katikati ya wiki, ukumbini au uani mwa baa wanayopigia, viti vimepinduliwa juu ya meza, mtu anadeki, na wewe unakaa pale masaa matatu unasikiliza muziki laivu bila kulipa senti. Tena unasikia vizuri kuliko siku ya shoo kwa sababu wanasimama, wanarudia, kiongozi anamwambia mpiga gita la rizim "wewe umewahi", wanaanza tena. Nimejifunza pale vitu ambavyo miaka mitatu ya kuangalia video kwenye simu haikunipa.

Ila kuna namna ya kuingia. Nenda siku ya shoo mara moja, muulize fundi mitambo au mhudumu wanafanya mazoezi lini na wapi. Siku hiyo fika kabla hawajaanza, anza na shikamoo kwa wazee wote mmoja mmoja, usirushe shikamoo moja kwa kundi, alafu mwombe kiongozi wa bendi ukae usikilize. Kaa nyuma karibu na fundi mitambo. Usirekodi bila ruhusa, nyimbo za mazoezini bado hazijatoka na ni mali ya watu. Na siku ya kwanza usiseme unapiga gita, hata kama unapiga.

Alafu jifanye wa msaada. Kuna kufunga vyombo na kufungua vyombo, spika zinabebwa, waya zinakunjwa. Jifunze kukunja waya vizuri: usizungushe kwenye kiganja na kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, inajisokota na kukatika kwa ndani, unakunja duara moja kwa juu na linalofuata kwa chini yake, inakaa yenyewe na ukiirusha inanyooka. Mimi nilifundishwa siku ya pili na kuanzia hapo waya zikawa kazi yangu. Wiki ya nne mzee wa besi akanishika mkono akaangalia vidole.

"Wewe kijana una sugu hizi, unapiga nini?"

"Besi, mzee."

"Na umenyamaza muda wote huo? Haya njoo ushike, nikanywe chai."

Nilipiga nyimbo mbili nikitetemeka. Aliporudi hakunisifia, aliniambia tu nipunguze noti, besi ikijaza kila sehemu mpiga gita la solo anakosa pa kupita. Nenda kasikilize bendi kongwe utaelewa alichosema, solo na rizim kila moja lina njia yake, besi linaacha nafasi alafu linarudi palepale ulipolitarajia, na tarumbeta na saksafoni zinasubiri mpaka muimbaji amalize maneno.

Kuna kitu kingine kwa wazee hawa nataka mtafuta kazi akisikie. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya umoja wa wafanyakazi, jina likabadilika kila umoja ulipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Mlimani Park, yani Sikinde, ilianza 1978 na ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Maana yake mwanamuziki wa bendi kama hizo enzi hizo alikuwa mwajiriwa kama karani, ana mshahara, na vyombo ni vya mwajiri, ukiondoka unaondoka na vidole vyako tu. Kwaiyo wazee wengi wa dansi wameshawahi kuamka asubuhi hawana bendi, hawana gita, wana familia, wakaanza kuzunguka kubisha hodi. Ukikaa nao baada ya mazoezi ukawaambia unatafuta kazi hawashangai na hawakuonei huruma ile ya kukuumiza, wanakuuliza umepeleka wapi maombi, na nani unamjua pale, na wiki ijayo wanauliza tena. Mimi hayo maswali ya wiki ijayo ndo yalikuwa yananifanya asubuhi ya Jumatatu nitume barua kweli, nisije kukosa la kujibu.

Ukizoeleka utapata deiwaka, mpigaji mmoja anaumwa unaitwa ushike nafasi yake usiku mmoja. Kubaliana hela kabla hujapanda jukwaani, ulizia na usafiri wa kurudi. Ikipatikana elfu 10 au 20 shukuru na igawe kwenye vibubu vyako, usianze kuihesabu kama mshahara maana mwezi ujao hakuna mtu anaumwa.

Bonanza la Jumapili

Kama unataka kwenda shoo, chagua bonanza. Linaanza jioni, dansi la Jumamosi linakwenda mpaka usiku wa manane na daladala zimeshakwisha, bodaboda ya kurudi Mbagala inakula hela yako ya mwezi mzima. Mabonanza mengi niliyokwenda hayakuwa na kiingilio, ukinunua kinywaji unakaa, mengine yalikuwa elfu 5, uliza kabla hujafika. Nauli ya kurudi iweke mfuko wa peke yake. Usikae mbele ya spika, masikio hayana spea. Na usijisikie vibaya watu wakienda kumtunza hela muimbaji na wewe umekaa, wanamuziki wanajua nani hana na wewe umeshawakunjia waya. Ukiwa na usaili Jumatatu, Jumapili hiyo usiende.

Matamasha makubwa ni mara moja kwa mwaka na yanataka mipango. Sauti za Busara kule Zanzibar ni Februari, boti na malazi yanakuwa mzigo kama huna ndugu wa kukupokea. Bagamoyo kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha kule, ni rahisi zaidi, gari unapandia Makumbusho asubuhi na unarudi.

Simu, na watu wa nyumbani

Simu iwe ya kutetemeka na iwe mfuko wa shati, usiiweke kwenye begi la gita. Waajiri wanapiga kwa namba usizozijua, mara nyingi saa nane tisa mchana, saa ileile ya mazoezi. Ikiita toka nje kabisa ndo upokee, mtu akisikia dramu nyuma yako anaweza kudhani upo baa. Mimi niliwaambia wazee toka mwanzo kwamba nikitoka mbio mjue ni simu ya kazi, na wao wakiniona naenda mlangoni walikuwa wanapunguza sauti wenyewe.

Dada au mjomba usimfiche. Akikuona unatoka na begi la gita bila maelezo ataona unachezea maisha, na hana kosa, chakula ni chake. Mimi nilikaa naye nikamwambia, dada, asubuhi natuma maombi, Jumanne na Ijumaa saa nane mpaka kumi na moja nipo mazoezini, vyombo naosha kabla sijatoka na jioni maji nachota mimi. Alikubali, baada ya mwezi akawa ananikumbusha yeye, "leo si Ijumaa?"

Wakikuuliza umekuwa ukifanya nini

Swali hili litakuja kwenye usaili, tangu umalize umekuwa ukifanya nini, na ukisema nilikuwa natafuta kazi mazungumzo yanaishia hapo. Bendi ina kazi nyingi zisizo za jukwaani, mimi nimesomea uhasibu kwaiyo nilijitolea kuandika daftari la viingilio, tiketi zilizotoka, zilizorudi, hela iliyopo, mgao. Nikaliweka kwenye CV kama lilivyo bila kulipamba, kiongozi wa bendi akakubali namba yake iwe ya mdhamini. Kwenye usaili walinihoji kuhusu hilo daftari karibu dakika kumi, walitaka kujua tiketi zikipungua nafanyaje. Wewe kama umesomea umeme shika vyombo, kama ni masoko tengeneza matangazo ya bonanza, kama ni utunzaji wa kumbukumbu andika nyimbo zao na nani alitunga, bendi nyingi hazina hata orodha.

Na siku ukipata kazi nenda ukaage mwenyewe, usitume meseji. Mimi nilikwenda Ijumaa ya mwisho na daftari, nikamkabidhi kijana mwingine na kumwonyesha mgao unavyoandikwa, nikarudisha waya mbili na tai niliyoazimwa na mpiga tarumbeta kwa ajili ya usaili. Saivi naenda Jumapili tu, saa tisa, kufunga vyombo.