Jinsi ya kuandika jina lako kwa runi za Waanglo-Saksoni

Runi ni herufi za kale za kuchonga, na Waanglo-Saksoni ni watu wa Uingereza ya zamani. Kwanza achana na zile chati zinazozagaa mtandaoni, nyingi ni za Vaikingi (mabaharia wa kale wa Skandinavia) zenye herufi 16 au zile za kale zaidi zenye 24, Waanglo-Saksoni wao waliongeza za kwao. Kuna kisu kirefu kiliopolewa mto Thames mwaka 1857, sasa kipo British Museum, makumbusho ya London, kina herufi 28 zimepangwa kwenye chuma kwa nyaya za shaba na fedha, na pembeni jina la mtu, Beagnoth, ama ndo mwenyewe ama fundi. Fuata hizo 28.

Halafu andika unavyotamka, usiangalie spelingi. Halima ni rahisi, ᚻᚪᛚᛁᛗᚪ, moja kwa moja. Thabiti anaanza na ᚦ peke yake, na ng' ya ng'ombe ina herufi yake, ᛝ. Shida ni sh, hawana herufi moja ya hiyo sauti, wao waliunganisha ᛋ na ᚳ, kwa hiyo Asha anakuwa ᚪᛋᚳᚪ. Juma usikimbilie ᛄ kisa inaitwa j kwenye chati, ile ni y! Sauti yetu ya j wao waliiandika ᚳᚷ, basi pata ᚳᚷᚢᛗᚪ. Z nayo haipo, ila s ikikaa katikati ya irabu walikuwa wanaitamka z, so Aziza ni ᚪᛋᛁᛋᚪ na wala hujachakachua kitu. V hivyo hivyo, tumia ᚠ.

Sasa kuchonga. Tafuta kijiti kibichi, kibandue ganda upande mmoja, kisha angalia mistari ya mti inaelekea wapi, maana mistari mikubwa ya herufi inabidi iukate mti kwa kukingama na ile midogo iende mshazari. Ndo maana runi karibu zote hazina mstari wa kulala, ungepotelea kwenye mti au kijiti kingepasuka. Chonga kwa ncha ya kisu, mkato mmoja huku mwingine huku, kitoke kama v, alafu sugua masizi ya mkaa ufute juu, herufi zitabaki nyeusi.

Majina mawili yatenganishe kwa nukta. Na ukikwama kwenye herufi moja chomeka ya kawaida tu, jeneza la mbao la Mtakatifu Cuthbert la mwaka 698, lipo Durham, Uingereza, lina runi na herufi za Kilatini zimechanganywa na waliochonga ni watawa.